Kosa Si Kugeuka

Kisa cha Orpheus kimesimuliwa kwa namna nyingi, lakini hukumu yake huwa moja. Mwimbaji anaoa, shamrashamra za harusi hazijapoa, bibi harusi Eurydice anaumwa na nyoka na kufa. Mume anashuka kuzimu na kinubi chake, anaimba mpaka watawala wa huko wanalainika, na anaruhusiwa kuondoka na mkewe kwa sharti moja: atangulie, mke afuate, wala asigeuke kumtazama hadi watokeze juani. Hatua chache kabla ya kufika anageuka, na mke anarudi gizani moja kwa moja. Mwulize mwalimu wa fasihi, mhubiri au mpenzi wa sinema ni nini kilichompoteza Eurydice, atakujibu bila kuwaza: mumewe aligeuka. Angekuwa na subira, angekuwa na imani, wangefika. Huku Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, jibu hilo hupokewa kwa urahisi zaidi kwa kuwa mimbari ilikwisha kuliwekea kiti: mke wa Lutu naye aligeuka, akawa nguzo ya chumvi. Siasa ikaliongezea mto wa kuegemea, maana tangu uchaguzi wa 2013 Mkenya anayeuliza habari za jana huambiwa akubali yaishe, asonge mbele. Nasema jibu hilo ni la uongo, na uongo wake hauishii kwenye hadithi ya Wagiriki. Linamtwika mfiwa mzigo wa kifo na kumwacha aliyekileta aende zake.

Shahidi wa kwanza ni filamu ile ile iliyokipa kisa hiki sura nyeusi. Mwaka 1956 mshairi Vinicius de Moraes alipandisha jukwaani Rio de Janeiro tamthilia iliyowahamishia Orpheus na Eurydice kwenye vilima vya mabanda ya maskini wa mji huo. Mfaransa Marcel Camus akaigeuza kuwa filamu, Orfeu Negro, ambayo mwaka 1959 ilitwaa Palme d'Or kule Cannes na mwaka uliofuata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Orfeu wake ni dereva wa tramu, na anayemwigiza ni mwanasoka, Breno Mello. Eurydice anawasili mjini kanivali ikikaribia, akimkimbia mwanamume aliyemwandama kijijini kwao, na mwanamume huyo anamfuata mpaka Rio akiwa amevaa vazi la mifupa. Huyo ndiye Mauti. Aliyepewa nafasi hiyo ni Adhemar Ferreira da Silva, bingwa wa Olimpiki wa miruko mitatu mwaka 1952 na 1956, na mtu wa miguu ile hakimbiliki. Usiku Eurydice anajificha katika depo ya tramu. Mauti anamkaribia; msichana anapanda juu, anashika waya, ananing'inia. Orfeu anaingia akimwita, haoni kitu, anaiendea swichi na kuwasha umeme ili apate mwanga. Moto wa umeme unapita kwenye waya. Mwanga aliouleta ili amwone ndio unaomuua.

Kugeuka kunakuja baadaye. Orfeu hakubali kwamba amekufa, anaenda kumtafuta katika ofisi ya watu waliopotea. Anakuta jengo tupu, marundo ya karatasi, na mfagizi anayemfungua macho kwamba humo kuna makaratasi tu, watu hawamo. Mfagizi huyo anamshusha ngazi, wanapita mbwa anayeitwa Cerberus getini, wanaingia katika ibada ya macumba ambapo watu wanaimba na kupandwa na roho. Hapo sauti ya Eurydice inamwita kutoka nyuma na kumsihi asigeuke. Anageuka, anamwona bibi kizee aliyeazimwa kinywa. Rudisha mkanda nyuma, ulifute tendo hilo, mwache Orfeu akae na shingo iliyonyooka mpaka asubuhi: Eurydice bado yuko mochari. Mtazamaji wa Ukambani analielewa jambo hili kuliko watazamaji wa Paris, kwa sababu anaijua kilumi, ngoma ya akina mama wazee ambamo aimu, roho za waliotangulia, humpanda mtu na kusema kwa kinywa chake. Kwenye kilumi watu huja kusikia marehemu ana neno gani na anadai nini. Hakuna anayetarajia kuiona sura yake, na hakuna anayeambiwa kwamba marehemu amekufa mara ya pili kwa kuwa fulani alitupa jicho.

Shahidi wa pili ni mzee kuliko filamu hiyo kwa karibu miaka 2,000. Mshairi Virgil wa Roma alikiweka kisa hiki katika kitabu cha nne cha Georgics, utenzi wake wa kilimo, na somo la kitabu hicho ni ufugaji wa nyuki. Mfugaji Aristaeus amepoteza nyuki wake wote. Anamlilia mama yake, anaelekezwa kwa mwaguzi Proteus, anamvamia usingizini na kumfunga mpaka aseme. Proteus anamwambia kwamba msiba wake ni adhabu: yeye ndiye aliyemkimbiza Eurydice kando ya mto, na msichana katika kumkimbia hakumwona nyoka majanini. Kwa hiyo kisa chote cha Orpheus, kinubi, kuzimu na kugeuka, kimewekwa humo kama jibu la swali la mfuga nyuki. Kuhusu kule kugeuka, Virgil mwenyewe anasema lilikuwa kosa la kusamehewa, kama kuzimu kungekuwa na msamaha. Mwishoni Aristaeus anachinja fahali wanne na mitamba minne, na nyuki wapya wanafumka kutoka kwenye mizoga. Miongo michache baadaye Ovid alikisimulia upya katika Metamorphoses na kumfuta mtu huyo kabisa. Kwake bibi harusi anatembea majanini, nyoka anamuuma, yamekwisha. Tulichorithi sisi, vitabuni na kwenye sinema, ni cha Ovid.

Msomaji wa Makindu hana haja ya kufundishwa Kilatini ili aone kilichoibwa hapo. Kuanzia hapa hadi Kibwezi, na kuvuka kwenda Kitui, mzinga wa gogo uliotundikwa juu ya mbuyu ni mali, na asali ina nafasi yake katika mazungumzo ya mahari. Mwenye mizinga akikuta nyuki wamehama au wamekufa haanzi kwa kuwalaumu nyuki. Anachunguza kama ni siafu, ukame, moto, dawa ya shambani au mkono wa mtu. Virgil aliandika kwa akili hiyo: hasara ina chanzo, na chanzo kinaweza kuwa na miguu miwili. Ovid alipomwondoa Aristaeus, kilichobaki cha kulaumiwa kilikuwa nyoka, naye nyoka haitwi barazani kujieleza. Ndipo macho yote yakamgeukia mume, kwa sababu ndiye binadamu pekee aliyesalia kwenye hadithi. Lawama haikai hewani. Ikikosa mwenyewe humwangukia aliye karibu, na aliye karibu na maiti siku zote ni mfiwa.

Shahidi wa tatu ni jirani yetu. Katika kitabu chao cha 1910 juu ya Wakikuyu, W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliandika kisa cha msichana aitwaye Wanjiru. Mvua imekataa miaka mitatu. Mganga anasema Wanjiru anunuliwe ili mvua inyeshe, na kila mtu analeta mbuzi kwa jamaa zake. Anasimamishwa katikati ya umati, anaanza kuzama ardhini: magoti, kiuno, mvua inamwagika, shingo. Kila ndugu anapotaka kusogea kumvuta, anatiwa mbuzi mkononi naye anarudi nyuma. Kijana aliyempenda anaenda jioni kusimama pale pale alipozamia, anazama naye, anaifuata njia ya chini kwa chini hadi anampata, anambeba mgongoni na kumrudisha usiku. Anamficha nyumbani kwa mama yake mwenyewe, msichana anachinjiwa mbuzi, analishwa mafuta mpaka mwili unarudi, kisha siku ya ngoma kubwa anatolewa mbele ya watu wote. Wazazi wanapomkimbilia, kijana anawazuia na kuwakumbusha kwamba walimuuza. Baadaye anatoa mahari, anaoa. Katika kisa hiki hakuna sharti la kutogeuka, na hakuna anayeuliza kama kijana alikuwa na subira ya kutosha. Mtihani umewekwa juu ya walio hai: nani alipokea mbuzi?

Weka sasa visa hivi viwili bega kwa bega, uone kile sharti la kutogeuka linachofanya. Ni kifungu cha mkataba kilichoandikwa na aliyemshika mateka. Anayeweka sharti ndiye mwenye funguo. Mwombaji akijikwaa, mwenye funguo anaonekana mtu wa sheria na mwombaji anaonekana mzembe. Wasimulizi wa Wanjiru hawakukipa kifungu hicho nafasi, ndiyo maana hadithi yao ikabaki na muda wa kuwashughulikia waliofanya biashara. Mtu atasema hiyo ni tofauti ya ladha tu, Wagiriki walipenda huzuni na Wakikuyu walipenda arusi. La. Kisa cha Wanjiru kina huzuni kuliko kile cha Orpheus, maana kuzikwa hai na baba yako ni kuzito kuliko kuumwa na nyoka. Tofauti iko kwenye mahali kidole kinapoelekezwa.

Mji huu una ushahidi wake wenyewe. Makindu ni mji wa reli. Hekalu la Kalasinga, lililojengwa mwaka 1926, ambalo hadi leo humpa msafiri chakula bila malipo, ni matunda ya watu waliokuja na reli. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kujenga njia hiyo, na 2,493 kati yao walikufa. Ni nini anachokumbuka mtu kuhusu vifo vya reli? Simba wa Tsavo. Kanali Patterson, katika kitabu chake cha 1907, anataja Wahindi 28 walioliwa na simba mwaka 1898, pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyeweka orodha yao. Hata tukikubali hesabu yake, kwa kila Mhindi mmoja aliyeliwa kuna zaidi ya 80 waliouawa na malaria, kuhara, ajali na kazi yenyewe. Lakini mwaka 1996 Hollywood ilipotengeneza filamu kuhusu reli hii, The Ghost and the Darkness, ilitengeneza filamu ya simba. Simba ni nyoka wa Ovid mwenye manyoya. Anatisha, anapendeza kwenye skrini, hana mwajiri, na akishapigwa risasi watazamaji wanarudi nyumbani wakiamini kwamba haki imetendeka.

Hapa niseme neno juu ya lawama inayotupiwa Orfeu Negro mara nyingi. Wengi huilaumu kwa kuwapamba watu weusi kama watoto wa ngoma wasio na shida. Barack Obama, mwana wa Mkenya, alieleza katika kitabu chake cha 1995 jinsi mama yake alivyoipenda filamu hiyo tangu ujana, na jinsi yeye mwenyewe alivyokosa raha kuitazama akiwa naye. Lawama hiyo ina haki, lakini haifiki kwenye mfupa. Kosa kubwa la Camus ni kwamba alimrudisha Aristaeus, yule mkimbizaji, kisha akamvika kinyago. Tunaona mwanamke anaandamwa kutoka kijijini hadi mjini na mwanamume anayetaka kumwua. Katika maisha hilo lina jina, na kituo cha polisi kina kitabu cha kuliandikia. Camus akamwita Mauti, na Mauti hakamatwi. Kwamba kisa hiki kingeweza kufanywa vingine alilithibitisha Mbrazili Carlos Diegues mwaka 1999: katika Orfeu yake, Eurydice anauawa kwa risasi ya mkuu wa genge la dawa za kulevya, mtu mwenye jina, aliyekua pamoja na Orfeu kwenye kilima kile kile. Filamu hiyo haikusifiwa kama ya kwanza, lakini ukitoka nayo unajua nani aliua.

Yuko atakayenipinga kwa visa vya kwetu wenyewe. Je, Kintu wa Buganda hakukatazwa kurudi? Ggulu, baba mkwe wake wa mbinguni, alimwambia yeye na mkewe Nambi waende haraka, hata wakisahau kitu wasirudi. Wakasahau ulezi wa kuku, mmoja wao akarudi, na Walumbe, yaani Kifo, kaka yake Nambi, akafuatana naye duniani. Ni kweli, na ni hoja nzito. Lakini soma mpaka mwisho. Walumbe alipofika hakuua papo hapo. Aliomba mtoto wa kumsaidia kazi, Kintu akamnyima, akaomba tena, akanyimwa tena, ndipo watoto wakaanza kufa. Kifo kimeingia kwa mlango wa ugomvi wa shemeji juu ya haki ya watoto, jambo ambalo wazee wangeweza kulikalia kikao. Isitoshe, baadhi ya wasimulizi humfanya Kintu ndiye aliyerudi na wengine humfanya Nambi, na pale anapokuwa Nambi, somo linalotolewa ni kwamba mwanamke ndiye aliyeleta kifo. Hapo ndipo kosa la kurudi huonyesha kazi yake halisi: kutafuta wa kulaumiwa asiye na wa kumtetea. Wakamba kwa upande wao wanasema kinyonga alitumwa kutoa habari kwamba watu watakufa na kufufuka, akawa anababaika, ndege akamkatiza na kutangaza kwamba watakufa kama mizizi ya mshubiri. Lawama ni ya wajumbe. Mfiwa hatajwi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu wa Ukambani anaweza kusema: mwandishi, unacheza na moto. Kufundisha watu kwamba kila kifo kina mwenyewe ndiko kunakozaa tuhuma za uchawi, na tuhuma hizo zimewaua vikongwe wengi. Heri tumwachie nyoka unyoka wake. Nakubali hatari hiyo ipo, na nakubali kwamba nyoka wengine ni nyoka tu. Ila tazama tuhuma ya uchawi inavyotembea. Inashuka. Inaanzia kwa wenye nguvu na kuishia kwa mjane mwenye macho mekundu na kipande cha shamba kinachotamaniwa. Haina shahidi, haina hesabu, haina risiti. Swali la kijana wa Wanjiru linapanda: mbuzi walionekana mchana, waliwekwa mikononi mwa watu wanaojulikana, na bado wako zizini. Vivyo hivyo Proteus hakusema Aristaeus ana jicho baya. Alisema alimkimbiza mwanamke mahali fulani, na nyoka alikuwa hapo. Dawa ya tuhuma ovu ni uchunguzi. Anayefunga uchunguzi kwa kusema ni bahati mbaya anaacha uwanja wazi kwa mganga wa kienyeji, kwa sababu watu wakinyimwa maelezo hujitengenezea.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wapenda sanaa. Wanasema nimeigeuza hadithi ya mapenzi kuwa kesi ya mahakamani, na kwamba kitovu chake ni ule mtazamo mmoja wenye uchungu. Wanaweza kuitaja filamu ya Céline Sciamma ya 2019, Portrait de la jeune fille en feu, ambamo wanawake watatu wanamsoma Ovid jikoni na kubishana: mmoja anamkasirikia Orpheus, mwingine anadhani alichagua kubaki na kumbukumbu, huenda hata mke ndiye aliyemwambia ageuke. Ni onyesho zuri mno, na linamrudishia Eurydice sauti. Lakini angalia kitabu kilichoko mezani. Wanawake hao wanabishana juu ya mtazamo kwa sababu Ovid hakuwaachia kitu kingine cha kubishania. Wangekuwa na Virgil mkononi, mmoja wao angeuliza habari za mwanamume wa kando ya mto. Kumsifu Orpheus kwa kugeuka na kumlaani kwa kugeuka ni pande mbili za sarafu moja. Wala mapenzi hayapungui yakipewa macho. Kijana aliyemlisha Wanjiru mafuta mpaka mwili ukarudi hakumpenda kidogo kuliko mpiga kinubi.

Haya si mambo ya vitabuni pekee. Desemba 2024 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu nchini ilitangaza kwamba ilikuwa imeorodhesha visa 82 vya watu kutekwa tangu maandamano ya Juni mwaka huo, na kwamba 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Familia zao ziliingia katika jengo lile lile la Orfeu: kituo hiki kwenda kile, hospitali, mochari, kitabu cha matukio kisicho na jina linalotafutwa. Kumwambia mama wa namna hiyo asitazame nyuma ni kumpa sharti la kuzimu, kisha kumlaumu kwa msiba wake anapolivunja. Nyuma ndiko mwanawe aliko, na ndiko nyayo za waliomchukua zinakoonekana.

Kwa hiyo mwongozaji wa hapa atakayetaka kumshusha tena mpenzi kuzimu, awe na kamera ya simu au fedha za Cannes, asihangaike na shingo ya mume. Ardhi ya kisa ipo, ukame tunao, na ngoma za kilumi zinajua njia ya chini kwa chini. Aanze na kitu kidogo kinacholia nyuma ya nyumba usiku ule mvua inapokatika na watu wote wamelala wameshiba: mbuzi mgeni zizini. Kisha kamera ingoje hapo mpaka kupambazuke, ione ni nani atakayekuja kumfungulia.